Muulize Fundi wa Skii: Makali Hayasemi Uongo

Mwezi huu barua karibu zote zina swali moja lililobadilisha nguo tu: ninunue skii gani, yaani mbao gani za kutelezea kwenye theluji? Nimechagua saba. Mlionitumia picha za skii zenu, ahsanteni sana. Picha ya makali yaliyochakaa, kile chuma cha pembeni mwa skii, hunieleza mengi kuliko kurasa mbili za mtu anayejisifia.

*

Shikamoo Fundi. Nina miaka 34, urefu wangu sentimita 174 na uzito kilo 72. Huu ni msimu wangu wa nne na najihesabu ngazi ya juu. Mwaka jana nilinunua skii zenye kiuno, yaani upana wa katikati, cha milimita 106 na urefu wa sentimita 188, baada ya kuangalia video nyingi za watu wanaoruka kwenye theluji ya unga. Theluji hiyo nimeipata kama siku moja katika kumi, na kufika saa nne asubuhi watu wameshaivuruga yote. Siku nyingine niko kwenye njia zilizosawazishwa na mashine. Jioni magoti yananiuma, na asubuhi njia ikiwa ngumu natelezea ubavu kama sabuni kwenye beseni. Wenzangu wanasema nitazoea. Nivumilie? — Mwenye Magoti

Marahaba. Usivumilie.

Swali ulilotakiwa kuulizwa siku ya kununua umeshalijibu mwenyewe: siku moja katika kumi. Umenunua mtumbwi wa kutembelea barabarani. Mtumbwi ni mzuri, kosa ni barabara.

Chukua rula tufanye hesabu. Chini ya buti skii yako ina milimita 106, kwa hiyo kutoka katikati ya unyayo hadi kwenye makali ni milimita 53. Skii ya kiuno cha 72 ina 36. Tofauti ni milimita 17, upana wa kidole. Kwenye theluji laini kidole hicho hukisikii, maana skii inazama kidogo na kubebwa na tumbo lake lote. Kwenye theluji ngumu mzigo wote unakaa juu ya ule uzi wa chuma wa pembeni, na mguu wako umesimama mbali nao. Kila ukiilaza skii ili ikate, yenyewe inataka kurudi kulala bapa. Kuizuia ni kazi ya kifundo cha mguu, lakini kifundo kimefungwa ndani ya buti, kwa hiyo kazi inapanda juu kwa goti. Fanya hivyo kona mia sita kwa siku halafu uniambie habari za jioni.

Sasa urefu. Wazee wetu wa mchezo huu walikuwa wanainua mkono juu. Skii ikifika kwenye kiganja, ndiyo yako. Kipimo hicho ni cha enzi za skii zilizonyooka kama mbao za dari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wawili wa kampuni ya skii ya Elan kule Slovenia, Jurij Franko na Pavel Škofič, walichora skii yenye pua pana, mkia mpana na kiuno chembamba hasa, wakaiita SCX. Ukiilaza, kiuno kinashuka kuitafuta theluji, skii inajikunja, na kona inajichora yenyewe. Ndiyo sababu skii zilifupika. Leo mtu wa urefu wako anayeteleza kwa kasi ya kawaida kwenye njia ngumu anaanzia kidevuni na kuishia kwenye paji la uso, na mahali pake ndani ya hapo panategemea uzito na kasi kuliko urefu. Mtu mzito anayependa kasi anapanda juu, mwepesi anayejifunza anashuka. Skii yako imekupita kichwa kwa sentimita 14. Ni kweli pua yake imeinuliwa sana, hivyo sehemu inayogusa theluji ngumu ni fupi kuliko inavyoonekana. Lakini hiyo nayo ina mzigo wake: unabeba urefu ambao asubuhi kwenye njia ngumu haukushikii chochote.

Iko namba nyingine watu wanaipita bila kuitazama. Juu ya skii, mara nyingi karibu na mkia, utakuta namba tatu zimefuatana, mfano 122-72-104. Huo ni upana wa pua, kiuno na mkia kwa milimita. Pembeni yake iko R na mita, tuseme R 14. Hiyo ni nusu kipenyo ya duara ambalo ubavu wa skii umechorwa nalo. R ya 12 au 13 inataka kona fupi na haitulii. Ukienda moja kwa moja inakuvuta mikono kama mtoto sokoni. R ya 20 na kuendelea inataka nafasi na kasi, na kona fupi utaipata kwa kuilazimisha. Kati ya 14 na 17 ndipo wengi wetu tunapoishi. Angalia pia kwamba R hubadilika na urefu: skii ya jina moja na rangi moja ikirefuka, R yake kwa kawaida nayo inapanda. Usiazime ya jirani ukadhani umejaribu yako.

Nami niliwahi kufanya kosa lako, ila kwa upande wa pili. Msimu wangu wa tano nilijiona nimefika, nikanunua skii za mashindano ya slalomu, yaani mbio za kona fupi kati ya nguzo, za mkono wa pili, urefu wa sentimita 155, kiwango kile kile cha chini kinachoruhusiwa kwa wanawake kwenye mashindano ya kimataifa (wanaume ni 165). Kona mbili za kwanza asubuhi nilicheka peke yangu kwa raha. Kufika saa sita nilikuwa nimekaa pembeni ya njia, mapaja yanatetemeka, naangalia watu wa makamo wakinipita huku wanapiga soga. Skii ile haina subira. Ukiegemea nyuma kidogo tu, mkia unashika na kukurusha kwenye kona usiyoiomba. Nilivumilia msimu mzima kwa sababu ya fahari. Mwisho zikachukuliwa na binti wa miaka 17 anayeshindana, na mikononi mwake zilikuwa kama kamba ya kuruka. Zilikuwa zinamsubiri yeye tangu mwanzo.

Nirudi kwenye picha yako. Makali yako yamechakaa kipande kifupi chini ya buti, upande wa ndani kuliko wa nje. Mbele na nyuma yanang'aa kama siku yalipotoka kiwandani. Nimeshatoa kwenye hesabu ile pua iliyoinuliwa, maana haigusi theluji ngumu hata ungekuwa bingwa. Hata hivyo, anayekata kona kwa makali huchakaza ubavu wote unaogusa, karibu sawasawa. Wewe unaigeuza skii kwa mguu halafu unaiburuza hadi kasi ipungue, na kwenye mteremko mkali bado unarudi kwenye kabari, ule mtindo wa pua pamoja mikia mbali. Ndiyo maana upande wa ndani umeliwa zaidi. Si aibu, wengi wanaopita kwenye meza yangu wako hapo, wakiwemo wanaozungumza kwa sauti. Lakini kwa habari hiyo sikuuzii skii ya ngazi ya juu. Nakutafutia ya kukufundisha kukata kona.

Kwa hiyo: kiuno kati ya milimita 74 na 80, R kati ya 14 na 16, urefu wa sentimita 165 hadi 170, pua iliyoinuliwa kidogo tu ili iingie kwenye kona bila ugomvi, kiini cha mbao, na isiwe na mabamba mazito ya chuma juu na chini. Uwe unaweza kuikunja kwa uzito wako ukienda kasi yako, sio kasi ya kwenye video.

Zile 106 usiziuze. Skii pana zilizaliwa kwa kazi maalumu. Mwaka 2002 kampuni ya Volant walitoa skii ya mtelezaji Shane McConkey iitwayo Spatula, pana kuliko kote katikati, ncha zote mbili zimeinuka, kinyume kabisa na ile SCX, kwa sababu McConkey aliitazama theluji ya unga kama maji na kuona kinachotakiwa pale ni kuelea. Kwenye unga alikuwa sahihi. Siku yako moja katika kumi ikifika, zitoe, ruka nazo hadi saa nne, halafu uzirudishe kabatini.

*

Mama Fundi, habari za kazi. Nina miaka 41, kilo 64, nimeteleza tangu utotoni na kasi siiogopi. Kila ninapoingia dukani napelekwa moja kwa moja kwenye ukuta wa skii za wanawake. Nikizishika naziona nyepesi kama maganda, na nikienda kasi zinatetemeka. Kweli mwili wangu unataka skii ya peke yake? — Siogopi Kasi

Nzuri, mdogo wangu. Skii haijui ni nani amesimama juu yake. Inajua uzito, inajua nguvu anayoisukuma nayo, na inajua amesimama wapi, mbele au nyuma.

Kinachoitwa skii ya wanawake ni vitu vitatu tofauti vilivyowekwa chini ya jina moja. Kuna iliyo sawa kabisa na ya wanaume, kalibu moja, tabaka zile zile, rangi tu ndiyo imebadilishwa na urefu mfupi umeongezwa. Kuna iliyopunguzwa: mbao nyepesi zaidi, bamba la chuma limetolewa au limekatwa. Na kuna ambayo alama ya kufungia buti imesogezwa mbele kidogo. Hiyo ya pili na ya tatu ni neema kwa mtu mwepesi anayejifunza, na hapo simbagui mwanamume wa kilo 60, ingawa yeye atakufa na skii yake ngumu kabla hajakanyaga ukuta ule. Wewe unayeteleza tangu utotoni, kwa kasi, iliyopunguzwa ndiyo hiyo inayokutetemekea.

Omba skii yenye Titanal, walau bamba moja. Jina hilo limewadanganya wengi wakadhani ni titani. Ni aloi ya alumini. Na si mgeni kwenye mchezo: mtengenezaji wa skii Howard Head wa Marekani alikuwa anagandisha alumini juu na chini ya kiini cha mbao tangu mwaka 1950. Kazi yake ni kutuliza mtetemo. Ukipita kwa kasi kwenye njia iliyoganda mistari, skii isiyo na bamba inapiga kelele na kurukaruka, yenye bamba inapita kama imekaza meno. Malipo yake ni uzito, na inataka usukume mwili mbele, muundi ukiegemea ulimi wa buti. Ukizembea inakukumbusha.

Usikubali muuzaji akuonyeshe ugumu kwa kuikunja skii kwa mkono pale dukani. Mimi mwenyewe naikunja, ni tabia ya mikono ya mafundi, lakini mkono unakunja katikati tu. Kinachokutetemekea wewe mara nyingi ni pua kujisokota, yaani kupinda kama unakamua nguo, na hilo mkono hauwezi kulipima. Litapimwa mtelemkoni.

Rangi ni shauri lako. Kama ile yenye maua ndiyo yenye bamba, chukua yenye maua.

*

Fundi, mtoto wangu ana miaka minane na anakua kama mgomba. Nikimnunulia skii ndefu kidogo zimfae misimu miwili, kuna ubaya? — Baba Mbana Matumizi

Upo. Mtoto juu ya skii ndefu anajifunza kukaa nyuma na kusukuma mikia kwa matako, na tabia hiyo nitakuja kuiona kwenye makali yake akiwa na miaka 30. Mpe zinazofika kati ya kifua na kidevu akiwa anaanza, hadi puani akishazoea kona, na laini kiasi kwamba anaweza kuzikunja kwa uzito wake mdogo. Kama duka linakodisha kwa msimu mzima na kubadilisha akikua katikati, hapo ndipo pa kubania matumizi.

Buti ndiyo usithubutu kumwongezea namba. Na vifungio, vile vinavyoshika buti kwenye skii na kuliachia mtu akianguka, vipimwe upya kila msimu, kwa sababu kilo zake zimebadilika hata kama skii ni ile ile.

*

Fundi, nataka skii moja tu ya kila kitu. Njia ngumu, matuta, unga, kati ya miti. Ipo? — Mvivu wa Kubeba

Ipo, ina kiuno kati ya milimita 82 na 92, na itakupa alama sita au saba kwa kumi kila mahali. Kama siku zako nyingi ni za njia ngumu, shuka kwenye 82. Kama unakimbilia pembeni kila theluji inapoanguka, panda hadi 92. Swali lako halina siri nyingine.

*

Habari Fundi. Kuna jamaa anauza skii alizotumia misimu mitatu, na zinanifaa kwa namba ulizowahi kutaja. Anasema "ziko kama mpya". Niangalie nini? Na vifungio vyake amesema navyo vinanifaa kwa kuwa tunalingana uzito. — Mnunuzi wa Mtumba

Salama. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo imenifanya niitoe barua yako juu ya nyingine zote. Nitaifikia.

Kwanza zishike zote mbili, tumbo kwa tumbo, zisimamishe. Kama ni skii yenye mgongo wa upinde, zitagusana karibu na pua na karibu na mkia, katikati mwanga utapita. Zibane kwa mkono mmoja katikati, ziachie. Zikirudi kwa haraka na kwa usawa, uhai upo. Zikiwa zimelala pamoja kama mikate bapa wakati zilizaliwa na upinde, zimechoka. Ila uliza kwanza zilizaliwaje, maana zipo zinazotoka kiwandani bila upinde au na pua iliyoinuka sana, na hizo utazisingizia bure.

Sasa zilaze tumbo juu, jicho lako karibu na mkia, tazama kuelekea pua dhidi ya mwanga. Mikwaruzo isikutishe. Mikwaruzo ni kama makunyanzi. Kinachotisha ni shimo linaloonyesha kitu kisicho cheusi wala si plastiki, yaani umeona ndani, na hasa likiwa limegusana na makali. Maji yameshaingia humo. Pitisha ukucha kwenye mshono wa ubavu, kuanzia pua hadi mkia, polepole. Ukucha ukizama mahali, bonyeza. Kama kunafunguka na kufunga kama mdomo wa samaki, gundi imeachia. Mkiani ndipo panapoanza, kwa sababu watu husimamisha skii zao kwenye zege.

Makali yenyewe yatazame unene. Skii mpya huwa na chuma cha kama milimita mbili kwa upana ukitazama tumbo. Skii iliyosagwa mara nyingi na mashine hubaki na uzi, na uzi hausagiki tena. Ziko skii za misimu mitatu zilizopitishwa kwenye mashine kila wiki na ziko za misimu kumi zilizokaa kabatini. Miaka haisemi, chuma kinasema.

Kisha matundu. Ng'oa kwa macho kile kifungio, tazama kama pembeni yake kuna vizibo vidogo vya plastiki. Kila kundi la vizibo ni mara moja imetobolewa kwa buti la mtu. Mara mbili sawa. Mara ya tatu mimi siigusi.

Sasa vifungio. Kulinganishwa uzito na mtu si kipimo. Namba ya kuachia hupatikana kwenye jedwali la kiwango cha ISO 11088, na jedwali linataka vitu vitano: uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti kwa milimita, na aina yako ya utelezaji: ya kwanza kwa mwangalifu, ya pili ya wastani, ya tatu kwa anayekwenda kasi na kwa nguvu. Mtu wa miaka 50 na kuendelea hushushwa ngazi moja. Kwa hiyo wewe na jamaa mkilingana kilo, yeye akiwa na miaka 28 na soli ya milimita 326, wewe 52 na soli ya 305, namba zenu ni mbili tofauti. Yake ikiwa juu, siku ya kuanguka skii itabaki mguuni na goti ndilo litakaloachia. Ikiwa chini, itafunguka katikati ya kona nzuri, na hilo nalo si mchezo.

Na hapa kwenye aina ya tatu watu wanaongopa kuliko popote. Nimeshasimama na kalamu mkononi, mteja anasema "tatu" huku mkewe nyuma yake ananionyesha kidole kimoja. Niliandika moja.

Jambo la mwisho, soli. Buti za sasa nyingi zina soli ya GripWalk, yenye mpira na mviringo kidogo ya kutembelea. Kifungio cha zamani kilichotengenezwa kwa soli bapa ya kawaida hakiipokei salama, hata kama kitaingia na kulia "kak". Mlio huo sio cheti. Peleka skii na buti zako mwenyewe, sio za kuazima, kwa fundi mwenye mashine ya kupima kuachia. Akikwambia kifungio kimeshatoka kwenye orodha ya vinavyohudumiwa na mtengenezaji, hesabu kwamba umenunua mbao tu.

*

Shikamoo Mama Fundi. Nimeanza mwaka jana, nakodi kila kitu. Msimu huu fedha zinatosha kitu kimoja, skii au buti. Naona raha kumiliki skii. — Binti wa Mwaka wa Pili

Marahaba mwanangu. Buti.

Skii ya kukodi iliyonolewa jana itakufikisha mahali. Buti la kukodi limeshakaa miguu mia, sifongo yake imekuwa uji, na kisigino chako kinapanda na kushuka ndani yake. Unageuza mguu, buti linafikiri kwanza, ndipo skii inapata habari. Nusu ya watu wanaokuja kulalamikia skii, nawaomba wavue buti.

Ukienda kununua, toa sifongo ya ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu, sogeza vidole hadi viguse mbele, kisha mwenzako achungulie nyuma ya kisigino. Pakiingia kidole kimoja hadi viwili, ganda ni lako. Pakiingia vitatu, muuzaji anakuuzia raha ya dukani. Upana huandikwa kwa milimita, 98 ni jembamba, 102 ni pana. Ile namba ya ugumu, 80, 90, 100, haina kipimo cha pamoja kati ya watengenezaji, kwa hiyo isome kama namba ya kiatu cha mtumba: ni dokezo. Funga vizuri, piga goti mbele. Likienda kidogo kwa upinzani ni sawa. Lisipoenda kabisa, litakusukuma ukae nyuma.

Skii zitakusubiri. Mwaka mmoja ndani ya buti lako mwenyewe na utajua unapenda kona fupi au ndefu, jambo ambalo leo hulijui na hakuna sababu ya kulijua.

*

Fundi, nilikwenda siku ya majaribio, nikajaribu jozi saba. Nimerudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Mbili naona zote nzuri. — Saba Bila Jibu

Saba ni nyingi mno. Ni sawa na kuonja chumvi ya vyungu saba; cha nne ulimi umeshakufa.

Safari nyingine anza na skii zako mwenyewe, au zile unazokodi kila siku, mbio moja kamili, ili mwili uwe na mahali pa kulinganisha. Kisha jozi tatu, zisizidi. Mteremko ule ule, buti zile zile, na kila jozi mbio mbili: ya kwanza ya kusalimiana, ya pili ndiyo ya kupima. Katika hiyo ya pili fanya vitu vinne kwa mpangilio. Kona ndefu kwa kasi yako ya kawaida. Kona fupi kumi mfululizo. Moja kwa moja kwenye mteremko mdogo, skii zikiwa bapa, usikie kama zinatulia au zinawashwa. Mwisho, kusudi kabisa, kaa nyuma na kosea kona moja. Hicho cha nne watu hawakifanyi, wanateleza vizuri kwa sababu wanajua wanajaribu. Mimi nataka kujua skii itakufanyia nini siku unakosea, maana utakosea.

Kabla ya kuhamia nyingine, chungulia makali kwa ukucha: ukucha ukipitishwa juu yake utoe unga mweupe kidogo. Usipotoa, skii hiyo ni butu, na ulichopima ni uvivu wa aliyeinoa. Andika maneno matatu kwenye kikaratasi ukiwa bado juu ya lifti, kabla hujamsikia mwenzako anasemaje. Namba za kiuno na R zisome baadaye.

Na hizo mbili zilizo nzuri zote, zirudie saa tisa mchana, njia imechimbika na miguu imechoka. Moja itaanza kukudai. Nunua ile nyingine.